Ujumbe Mfupi, Maneno Kamili

Simu ya mkononi imekwisha kuwa chombo cha tiba, sawa na kipimajoto au mashine ya kupimia shinikizo la damu. Kwa simu mgonjwa hukumbushwa siku ya kliniki, mama mjamzito huuliza kama maumivu anayoyasikia ni ya kawaida, muuguzi wa zamu humwarifu daktari aliye nyumbani, na mfamasia hufafanua namna ya kumeza dawa. Kwa hiyo namna tunavyoandika ujumbe si suala la adabu ya lugha peke yake, bali ni sehemu ya huduma yenyewe. Hoja yangu katika makala haya ni moja: kifupisho ni mapatano baina ya watu wanaokifahamu, na mara nyingi mgonjwa hakuwapo tulipopatana. Anayemwandikia mgonjwa, basi, na aandike maneno kamili, hasa panapohusika dawa, kipimo, saa na tarehe.

Nitangulize kusema kwamba siandiki ili kuwashutumu vijana. Ujumbe wa kwanza wa simu ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ulikuwa na maneno mawili kamili ya kutakiana heri ya Krismasi. Vifupisho vilifuata baadaye, navyo vilikuwa na sababu. Ujumbe mmoja haukuweza kuzidi herufi 160, kila ujumbe ulilipiwa, na katika simu za vitufe mtu alilazimika kubonyeza kitufe cha 7 mara nne ili apate herufi moja tu ya “s”. Anayebana matumizi hubana na maneno. Ndipo katika Kiingereza likaenea “u” kwa maana ya wewe, “b4” kwa maana ya kabla, “gr8” kwa maana ya safi sana, na “brb” kwa maana ya narudi punde. Hata hivyo, tabia yenyewe ni kongwe kuliko simu. Kifupisho “OMG”, ambacho wengi hukidhani kuwa ni cha vijana wa leo, kilikwisha kuandikwa mwaka 1917 na Admirali Fisher wa Uingereza katika barua yake kwa Winston Churchill.

Wala si kweli kwamba vifupisho hivyo lazima viharibu akili ya mwandishi. Mwanaisimu David Crystal alitoa mwaka 2008 kitabu kizima cha kuituliza jamii juu ya jambo hilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry nao walieleza mwaka 2009 kwamba, miongoni mwa watoto wa Uingereza wa miaka 10 hadi 12, waliotumia vifupisho kwa wingi zaidi katika jumbe zao hawakuwa wasomaji dhaifu. Kinyume chake, walielekea kusoma maneno vizuri zaidi. Kwa hiyo marafiki na waandikiane watakavyo. Swali letu katika afya si kama kifupisho kinaharibu lugha. Swali ni kama aliyepokea ujumbe amesoma kile kile alichokusudia aliyeutuma.

Na katika hilo hata wenye Kiingereza chao hupotezana. Mwezi Mei 2012, mbele ya tume ya Jaji Leveson iliyochunguza mwenendo wa magazeti Uingereza, mhariri Rebekah Brooks alieleza kwamba David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa akimalizia jumbe zake kwa “LOL” akidhani maana yake ni “upendo mwingi”, mpaka alipoambishwa kwamba ni ishara ya kucheka kwa sauti. Kwa wanasiasa jambo hilo liliishia kwenye kicheko. Mtu akiliweka neno hilo chini ya ujumbe wa kumfariji aliyefiwa wodini, halitaishia hapo.

Ndugu msomaji, sisi wa kada za afya tusijione tumesalimika. Muda mrefu kabla ya simu, taaluma yetu ilikuwa na vifupisho vyake, vingi vya Kilatini: “bd” kwa dawa ya mara mbili kwa siku, “tds” kwa mara tatu, “prn” kwa dawa ya kutumia inapohitajika tu. Leo mito hiyo miwili, wa vijana na wa waganga, inakutana katika kioo kimoja cha simu, na maji yake yanachanganyika. “DM” kwa daktari ni kisukari. Kwa kijana ni ujumbe wa faragha. “PM” ni alasiri na jioni kwa mwenye kusoma saa, ni ujumbe wa faragha kwa mwenye kuchati, na ni uchunguzi wa maiti kwa mhudumu wa chumba cha maiti. “OD” kwenye cheti cha dawa ni mara moja kwa siku; kwa mtaalamu wa macho ni jicho la kulia; mitaani na katika idara ya dharura ni kuzidisha dawa hadi kudhurika. Herufi ni mbili tu, lakini kosa la kuzisoma linaweza kuwa baina ya kidonge kimoja na sumu.

Hatari huzidi kifupisho kinapogusana na tarakimu. Katika Kiingereza cha simu, “4” husimama badala ya neno lenye maana ya “kwa ajili ya”, na “2” badala ya neno lenye maana ya “kwa” au “pia”. Mgonjwa akiandikiwa “take 1 4 pain”, aliyeandika alikusudia kidonge kimoja kwa ajili ya maumivu. Anayesoma anaweza kuelewa kimoja hadi vinne. Kwa parasetamoli ya miligramu 500, vidonge vinne kwa mpigo ni mara mbili ya kiwango cha juu anachopaswa kumeza mtu mzima kwa wakati mmoja.

Mtego huo umeingia hata ndani ya Kiswahili chetu. Kwa kuwa jina la Kiingereza la tarakimu 2 husikika kama “tu”, vijana huandika “m2” wakimaanisha mtu, “w2” wakimaanisha watu, na “2po” wakimaanisha tupo. Sasa chukua ujumbe huu: “Meza 1 2 usiku.” Je, mgonjwa ameze kimoja tu usiku, au kimoja mchana na viwili usiku? Kijana atasoma hivi, babu yake atasoma vile, na wote wawili wana haki. Aliyekosea ni aliyeandika.

Miongoni mwetu wataalamu mfano ulio mkali zaidi ni herufi “U” inayowekwa badala ya neno yuniti. Insulini “4U” ikinakiliwa kwa mkono kutoka kwenye simu hadi kwenye faili, herufi hiyo huweza kufunga kichwa ikawa sifuri, na yuniti 4 zikageuka 40. Kijana aliyezoea kuchati akiona “4U” atasoma “kwa ajili yako”. Ndiyo maana Joint Commission, taasisi inayothibitisha ubora wa hospitali nchini Marekani, iliweka mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa, na “U” imo. Zimo pia “MSO4” na “MgSO4”, kwa sababu ya kwanza ni mofini na ya pili ni magnesiamu salfeti, dawa tunayompa mama mwenye kifafa cha mimba. Imo vilevile desimali inayotanguliwa na utupu: “.5” ikipoteza nukta yake huwa 5, mara kumi ya kipimo. Na “5.0” ikipoteza nukta huwa 50.

Saa nayo ina habari yake kwetu sisi tunaohesabu kwa Kiswahili. Tuseme mgonjwa atafanyiwa upasuaji kesho, na anatumiwa ujumbe wa Kiingereza kwamba awe “NPO from 12”. Kwanza, “NPO” ni kifupisho cha Kilatini chenye maana kwamba asile wala asinywe kitu. Hana njia ya kulijua hilo. Pili, hiyo 12 aliyoikusudia daktari ni saa 6 usiku. Mswahili aionapo 12 husoma saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili zetu ni mbili: ya jioni na ya alfajiri. Akichukua ya alfajiri, atakula usiku kucha na kuingia chumba cha upasuaji tumbo limejaa, na chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Akichukua ya jioni, na mgonjwa akiwa mtoto mdogo, atakaa na njaa na kiu saa nyingi kuliko ilivyohitajika, sukari yake ishuke na mwili upungukiwe maji. Ujumbe mmoja, maana tatu, na moja tu ndiyo salama. Ingetosha kuandika: “Kuanzia saa 6 usiku wa leo usile chakula chochote,” kisha kueleza kwa maneno yale yale mepesi lini aache na maji.

Hali ni hiyo hiyo kwa tarehe. Wahudumu tumezoea kuandika “5/7” kwa maana ya siku tano, “2/52” kwa maana ya wiki mbili, na “3/12” kwa maana ya miezi mitatu, na kutanguliza “TCA” tukimaanisha arudi tena. Aliye nje ya mapatano hayo ataiona “5/7” kuwa tarehe 5 Julai, na “3/12” kuwa tarehe 3 Desemba. Asiporudi siku yake, tutaandika katika faili kwamba mgonjwa ni mtoro. Pengine hakutoroka, alikuwa akingoja siku tuliyomwandikia.

Wapo wanaokitetea kifupisho kwa hoja ya kutunza siri. Husema kwamba jina la ugonjwa likifupishwa, mwenye kuazima simu hatalitambua. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama vifupisho vyetu vingebaki kuwa vyetu. Lakini hapa Tanzania ni nani asiyejua kwamba “CTC” ni kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, au kwamba “ARV” ni dawa zao? Simu nyingi hutumiwa na watu zaidi ya mmoja katika nyumba: mume na mke, mama na watoto, jirani aliyeishiwa chaji. Kifupisho kinachojulikana na kila mtu hakifichi siri. Humficha maana mgonjwa asiyesoma Kiingereza, kikamfunulia jirani anayekisoma.

Dawa ya tatizo hilo ilikwisha kupatikana, na ilipatikana kwa Kiswahili. Kati ya mwaka 2007 na 2009, watafiti nchini Kenya waliwafuatilia watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nusu yao walipokea kila wiki ujumbe wenye neno moja: “Mambo?” Nao walitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa neno moja: “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu “Shida”, au asiyejibu, alipigiwa simu na mhudumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Katika kundi lililopokea ujumbe, asilimia 62 walieleza kuwa walizitumia dawa kama inavyotakiwa, ilhali katika kundi lisilopokea walikuwa asilimia 50. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 kwa 48.

Tuutazame vizuri ujumbe ule. Ni mfupi kuliko kifupisho chochote cha Kiingereza kinachohitaji maelezo. Hautaji ugonjwa, hautaji dawa, hautaji kliniki. Jirani akiuona ataona salamu. Wala haukukopwa kokote: ni namna watu wanavyosalimiana, na “shida” ni neno ambalo mgonjwa yeyote wa Afrika Mashariki analiweza hata akiwa na homa. Hapa Tanzania, kampeni ya Wazazi Nipendeni iliyoanza mwaka 2012 ilifuata njia hiyo hiyo: mama alituma neno “mtoto” kwenda namba 15001, akapokea bila malipo jumbe za Kiswahili za kumwongoza katika ujauzito na malezi. Ufupi, basi, si adui yetu. Tunachokikataa ni ufupi wa upande mmoja, unaompunguzia kazi anayeandika na kumwongezea mashaka anayesoma.

Kanuni hii ina upande wake wa pili, nao unatuhusu sisi wahudumu tunapokuwa wapokeaji. Vijana wanapotafuta msaada huandika kwa lugha yao, na hatuna haki ya kuwaambia wajifunze kwanza lugha yetu. Katika Kiingereza cha simu, “kms” hutumika kwa maana ya “nitajiua”. Mara nyingi husemwa kwa mzaha, kama mtu wetu anavyosema “nimekufa” akimaanisha amechoka. Lakini si mara zote. Kijana akimwandikia mshauri nasaha kwamba maisha yamemshinda, akaweka “kms” na mwishoni “lol”, kicheko hicho kisichukuliwe kuwa hati ya usalama. Watu wengi hucheka ili wasionekane wanalia. Anayepokea ujumbe kama huo asikisie na asinyamaze. Ampigie, amwite kwa jina lake, amwulize kwa maneno kamili: “Unafikiria kujiua?” Kumwuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo, humfungulia mlango wa kusema. Kisha asimwache peke yake mpaka ampatie mtu wa kumwangalia na huduma ya kitaalamu.

Najua jibu la wenzangu wengi: kazi ni nyingi, wahudumu ni wachache, na hakuna mwenye nafasi ya kuandika insha kwa kila mgonjwa. Ni jibu la kweli, na halistahili kubezwa. Lakini maneno kamili si insha. Chukua mtu mzima mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi aliyepewa dawa ya mseto ya malaria, ALu, saa 2 asubuhi. Anaweza kuandikiwa hivi: “Meza vidonge vinne leo saa 2 asubuhi, vinne saa 10 jioni. Kesho na keshokutwa: vinne saa 2 asubuhi, vinne saa 2 usiku. Kula kwanza. Maliza dozi yote.” Ukihesabu herufi, nafasi na alama zake zote, ni 149. Zimeingia katika ujumbe mmoja wa simu ya kawaida, kwa gharama ya ujumbe mmoja, na vidonge vyote 24 vimepata saa zake. Ujumbe huo huhifadhiwa mara moja katika simu ya kituo na kutumika kila siku. Kinachobadilika ni saa tu.

Tazama pia kwamba sikuandika “baada ya saa 8”. Usemi huo ni wa Kiswahili safi, ila una maana mbili: muda wa saa nane kupita, au wakati wowote kuanzia saa nane mchana. Kuacha Kiingereza peke yake hakutoshi. Anayeandika Kiswahili naye hana budi kujiuliza ni wapi msomaji anaweza kupotea.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito wa kupunguza kwa nusu, katika miaka mitano, madhara makubwa yanayozuilika yatokanayo na dawa. Sehemu ya wito huo haihitaji mashine mpya wala fedha za wafadhili. Inahitaji kila kituo, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa, kikae na kukubaliana mambo machache. Ujumbe kwa mgonjwa uwe wa Kiswahili, au lugha anayoielewa yeye, na usiwe na kifupisho chochote cha kitaalamu. Idadi ya vidonge iandikwe kwa neno: kimoja, viwili, vitatu. Saa iandikwe kwa hesabu ya Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku wake, na tarehe iandikwe pamoja na jina la siku na la mwezi. Baina ya wahudumu wenyewe, jina la dawa na neno yuniti yaandikwe kwa ukamilifu, na amri ya dawa iliyotumwa kwa simu isomwe tena kwa aliyeitoa kabla dawa haijatolewa. Na vyuo vyetu, vinavyomtahini mwanafunzi kwa vifupisho vya Kilatini, vimtahini pia kama anaweza kuyasema yale yale kwa bibi aliyeshika bahasha ya dawa dirishani.

Kwa mgonjwa nina neno moja. Ukipokea ujumbe usioufahamu, usimwulize jirani na usikisie. Jibu: “Sijaelewa, naomba uniandikie kwa maneno kamili.” Si utovu wa heshima kumwambia hivyo daktari au muuguzi, wala si ushahidi kwamba hukusoma. Ni haki yako, na kwa mhudumu anayejua kazi yake ni msaada mkubwa, kwa maana umemwonyesha kosa lingali kwenye simu, kabla halijafika kinywani.